Neno Limenasa Kichwani? Acha Kulifukuza

Swali limekuja tena. Safari hii limetoka kwa mwalimu wa sekondari, kabla yake kwa dereva wa bodaboda, na kabla ya hao kwa watu wengi kiasi kwamba msaidizi wangu huzitenga barua hizo bila kuniuliza. Aliyeandika hubadilika, swali ni lile lile: "Dokta, kuna neno limeninasa kichwani, nimejitahidi kulitoa halitoki. Nifanye nini nilitoe?" Wengine huongeza kwamba wameshaombewa, wameshasomewa, wameshafukizwa, na mmoja ameniandikia kwamba jirani alimtilia mafuta ya nazi ya moto sikioni.

Nianze na hayo mafuta ili tuachane nayo. Sikio halihusiki. Mtu aliyepoteza usikivu ukubwani naye hunaswa na nyimbo alizozisikia ujanani, na hakuna kilichopita sikioni mwake. Mafuta ya moto huunguza ngozi ya ndani, na kama ngoma ya sikio ina tundu umejitafutia balaa jingine. Basi.

Sasa swali lenyewe. Kosa lake ni kudhani kwamba neno linaloganda kichwani ni uchafu unaopaswa kutolewa, na kwamba anayeshindwa kulitoa ana akili dhaifu au ana kitu kimemwingia. Mwaka 2012 mtafiti Lassi Liikkanen wa Ufini alichapisha majibu ya watu zaidi ya 12,000 wa nchi yake aliowauliza kuhusu nyimbo zinazowaganda. Takriban 9 kati ya kila 10 walisema huwapata angalau mara moja kwa wiki. Ukitaka kusema wote hao wana majini, majini yana kazi kubwa kule kaskazini.

Kinacholifanya neno lizunguke ni sehemu ya kumbukumbu unayoitumia kila siku bila kuishukuru. Alan Baddeley na Graham Hitch waliieleza mwaka 1974 nchini Uingereza: tuna kumbukumbu ya muda mfupi inayoshika sauti kwa kuirudiarudia kimyakimya, na bila kurudiwa sauti hiyo hufifia ndani ya sekunde 2 hivi. Wakala wa pesa za simu akikutajia namba yake, ndiyo unayoitumia mpaka umalize kuibonyeza. Hutaki kuamini? Mwombe mwenzako akusomee namba ya simu usiyoijua, na wakati huohuo wewe uwe unasema kwa sauti "moja, moja, moja" bila kupumzika. Namba itakuponyoka, kwa kuwa ulimi ulioutegemea kuirudia kimoyomoyo una kazi nyingine. Kumbuka jambo hilo la ulimi, tutalihitaji.

Washairi wetu walilijua hili bila maabara. Kipande cha utenzi kina mizani 8, hutamkika vizuri kabla sekunde 2 hazijaisha, na kina cha mwisho hurudi ubeti baada ya ubeti. Hayo ni maneno yaliyochongwa yaweze kukaa kichwani mwa mtu asiye na kitabu. Siku hizi ufundi huohuo, kwa bahati mbaya, umehamia kwa machinga mwenye kipaza sauti cha betri, anayepita mtaani na sauti iliyorekodiwa: panya, mende, kunguni, viroboto, panya, mende, kunguni, viroboto. Fupi, ina mdundo, imerudiwa mara mia kabla ya saa nne asubuhi. Tunajua kwamba kinachonasa kwa urahisi ni kile ulichokisikia karibuni na mara nyingi, na kwamba huja pale mikono ina kazi na akili haina: kwenye kuosha vyombo, kwenye foleni, kwenye kiti cha daladala. Hakuna ajabu yoyote hapo.

Ajabu ni ushauri unaotolewa. Nimeusikia mimbarini, redioni, kwa wahamasishaji wanaolipwa kuzungumza ukumbini, hata kwa wenzangu wa fani ambao wangepaswa kujua zaidi: wewe ndiye bosi wa mawazo yako, liamuru neno litoke, likemee, usilipe nafasi. Unasikika vizuri sana, na ndio unaowaleta watu kwangu.

Mwaka 1987 Daniel Wegner na wenzake, huko Texas nchini Marekani, walichapisha jaribio ambalo lingefaa kubandikwa ukutani kwa kila mshauri nasaha. Waliwaketisha wanafunzi wa chuo mmoja mmoja, wakawaambia waseme kwa sauti kila kinachowapitia akilini kwa dakika 5. Sharti lilikuwa moja: wasimfikirie dubu mweupe. Akija akilini, wagonge kengele. Kengele ziligongwa. Kisha waliambiwa sasa ruksa, mfikirieni mnavyotaka. Wale waliokuwa wamekatazwa wakamfikiria kwa wingi kuliko wenzao walioruhusiwa tangu mwanzo. Yaani si kwamba kukatazwa hakukusaidia tu, kuliwaachia deni.

Najua kuna msomaji anayesema hao walikuwa vijana wa Texas, mimi nina msimamo. Sawa. Kuanzia hapa mpaka mwisho wa aya hii, usimfikirie punda wa Lamu. Usione masikio yake, usione mzigo wa matofali mgongoni, usimsikie akilia kwenye kichochoro. Umefika wapi?

Mwaka 1994 Wegner alieleza kwa nini. Unapojiamuru usifikirie jambo, unaanzisha kazi mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni kutafuta kitu kingine cha kufikiria, na hiyo inahitaji nguvu. Ya pili ni kuangalia, chinichini, kama lile lililokatazwa limerudi. Hii ya pili ni sawa na mlinzi aliyepewa picha ya mwizi: ili amtambue akija, lazima aitazame picha usiku kucha. Ukiwa umeshiba, umelala vizuri na huna haraka, kazi ya kwanza huimudu ya pili. Ukichoka, ukiwa na njaa au mawazo ya ada za watoto, ya kwanza hulegea, ya pili huendelea bila kuchoka, na picha inabaki peke yake mbele ya macho. Ndiyo maana wengi wanaoniandikia husema neno huwazidi usiku.

Niwape mfano wa karani mmoja wa benki, ambaye nimebadilisha mambo kadhaa yake asijulikane. Tangazo la panya na mende lilimnasa. Mwanzoni lilimchekesha, kwa sababu alijikuta akihesabu noti kwa mdundo wake. Kisha mtu akamwambia si jambo la kucheka, alikemee. Akaanza kulikemea. Likarudi. Akabadilisha njia ya kwenda kazini asimsikie yule muuzaji. Akaweka kengele ya simu ilie kila saa, ajikague kama limetoka. Alipokuja kwangu alikuwa na daftari la kurasa tupu alilolichora mistari, akiweka alama kila neno liliporudi, na alilitoa mkobani kwa fahari ya mtu anayejitahidi. Nilimwuliza swali moja tu: kengele ikilia, unajikaguaje? Akanyamaza, kisha akasema, "Ninalisema moyoni nione kama lipo."

Lipo, bila shaka! Amelileta yeye. Hakuwa na ugonjwa wowote alipoanza. Alipewa dawa isiyofaa kwa kitu kisichohitaji dawa, na dawa ndiyo iliyomchosha. Tulifunga daftari, tukazima kengele, akarudi kwenye njia yake ya zamani. Hakuambiwa alipende tangazo wala alichukie. Aliambiwa likija aendelee kuhesabu noti, kwa mdundo huohuo kama linataka.

Na nisieleweke vibaya. Sina ugomvi na sala. Anayeomba utulivu kisha akainuka akaenda shambani amefanya vizuri, maana ameenda shambani. Ugomvi wangu ni na kule kukemea kwa kuvizia, ambako mtu anasema "toka" halafu anakaa mlangoni kusikiliza kama limetoka. Madhara yake ni makubwa zaidi pale neno lilipo la aibu. Wapo wanaoandika kwamba tusi huwajia katikati ya swala au ibada, na wamefika mahali pa kuogopa kuingia msikitini au kanisani. Mwaka 1978 Stanley Rachman na Padmal de Silva walionyesha kwamba watu wengi wenye afya njema hupitiwa na mawazo machafu ya aina ile ile waliyonayo wagonjwa. Tofauti ilikuwa katika ukali wake, marudio yake na taabu yanayoleta. Tusi linalokujia usipolitaka halielezi wewe ni nani. Limekujia kwa sababu pale ndipo usipotaka lije, na mlinzi wako yuko kazini.

Kuna tiba nyingine ya mtaani ambayo sina budi kuitaja kwa kuwa ina wapenzi wengi: mwambukize mwenzako, nawe litakutoka. Mark Twain aliandika hadithi nzima kuhusu hilo mwaka 1876, ya mtu aliyenaswa na vijishairi vya kondakta wa gari la farasi akapata nafuu alipomwachia rafiki yake mchungaji. Ni hadithi ya kuchekesha, na ilikusudiwa kuwa hivyo. Ofisini kwenu mkijaribu mtakuwa wawili wenye tangazo la panya.

Haya, mnachokitaka. Tafuna kitu. Mwaka 2015 Philip Beaman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Reading waliwasikilizisha watu nyimbo zinazonasa kisha wakawapa baadhi yao chingamu. Waliotafuna walirudiwa na wimbo mara chache kuliko wasiotafuna, na kuliko waliogongagonga kidole mezani. Kumbuka ulimi: taya na ulimi vikiwa na kazi, ule usemaji wa kimoyomoyo hukosa nafasi. Chingamu yoyote inatosha. Kama ni wimbo uliokwama kwenye kiitikio, usikilize mpaka mwisho mara moja, wengine husaidika. Shika kazi ya maneno yenye uzito wa kati, kama fumbo la gazetini, kusoma kitabu au maongezi. Ira Hyman wa Marekani alionyesha mwaka 2013 kwamba kazi nyepesi mno na ngumu mno zote mbili huuachia wimbo urudi. Kama ni neno moja linalokuuma, liseme kwa sauti, haraka, nusu dakika bila kituo. Utalisikia likigeuka sauti tupu, na makali yake yatapungua kwa muda. Ukiona huwezi lolote kati ya haya, liache liimbe. Usilipime, usilihesabu, usiulize kama limeondoka.

Kuna watu wasiopaswa kuishia kwenye makala. Kama sauti unaisikia nje yako, kama vile redio ya jirani, hilo ni jambo jingine. Kwa mzee ambaye usikivu wake umepungua, mara nyingi huwa ni masikio yenyewe, akapimwe usikivu kabla hajaitwa mwendawazimu na wajukuu. Kwa kijana anayesikia sauti zikimwamuru au zikimsema, apelekwe hospitali wiki hii. Na kama neno linakulazimisha ufanye kitu ili litulie, kutawadha mara tano, kurudia sala tangu mwanzo, kugusa mlango, kuomba radhi kwa mtu uliyekwisha kumwomba, hayo ni maradhi ya wasiwasi, yanatibika kwa mazoezi maalumu ya kulikabili neno bila kufanya lile tendo, na kwa dawa pale inapobidi. Muhimbili, Mirembe kule Dodoma, Kidongo Chekundu Unguja na Mathari Nairobi wanayatibu, na hospitali nyingi za rufaa za mikoa zina kitengo cha afya ya akili. Mwenye kuombewa na aombewe, lakini asiache miadi ya daktari.

Kwa neno la kawaida linalozunguka, hakuna kidonge, hakuna mafusho, hakuna chupa ya kusafisha ubongo. Anayekuuzia chochote kati ya hivyo anakuibia.