Siku 30 baada ya kuachishwa kazi

Mfanyakazi wa Tanzania Bara aliyeachishwa kazi na anayeona ameonewa ana siku 30 tu za kufikisha mgogoro wake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile ambayo wengi wetu huiita CMA. Madai mengine, kama malimbikizo ya mshahara au likizo isiyolipwa, yamepewa siku 60. Muda huo uliwekwa na kanuni za mwaka 2007, mwaka ambao Tume yenyewe ilianza kazi. Mlinzi wa hosteli ya wanafunzi aliyeambiwa na bosi wake "njoo mwisho wa mwezi tuongee" anaweza kuongea naye kwa heshima zote miezi miwili mizima, na siku atakapochoka kungoja akakuta muda umepita. Hapo itambidi kwanza aombe kuongezewa muda, aeleze kwa kiapo alikuwa wapi siku zote hizo, na mahakama zetu zimeshasema mara nyingi kwamba mazungumzo na mwajiri hayasimamishi hesabu ya siku. Ndiyo maana nasema kuwa msaada wa bure kwa wafanyakazi, unaotolewa na asasi zisizo za kiserikali na wasaidizi wa kisheria wa mitaani, upimwe kwa jambo moja: je, unamfikia mtu ndani ya siku hizo 30? Wakili hodari akija mwezi wa nne atatumia nusu ya nguvu zake kutetea ucheleweshaji, kabla hata shauri lenyewe halijaguswa.

Mazimbu, mjini Morogoro, ni mahali pazuri pa kuipima hoja hii kwa sababu historia yake ya kazi inaonekana kwa macho. Ardhi hiyo ilikuwa shamba la mkonge. Serikali ya Tanzania ikaitoa kwa chama cha ANC cha Afrika Kusini, kikajenga chuo kilichopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Mwaka 1992 majengo yakakabidhiwa kwa Tanzania, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Enzi za mkonge, manamba alikuwa na kipande, kadi iliyowekwa alama kila siku ya kazi hadi zitimie 30, ndipo alipwe. Ulikuwa mfumo wa kinyonyaji na sina hamu ya kuusifu. Lakini mwajiri alikuwa mmoja, anajulikana, na siku za kazi ziliandikwa. Leo anayeishi kwa ujira kuzunguka kampasi ile anaajiriwa na mwenye hosteli ya vyumba kumi na viwili, na mama lishe anayehitaji msichana wa kuosha vyombo, na fundi mwashi anayekusanya vibarua asubuhi, au na familia inayotafuta dada wa kazi. Waajiri wamekuwa wengi na wadogo, na kadiri mwajiri anavyokuwa mdogo ndivyo karatasi zinavyopungua. Mkataba ni wa mdomo. Mshahara huingia kwa simu, wakati mwingine kutoka namba ya mke au ya shemeji.

Watu wengi, waajiri na waajiriwa, huamini kwamba bila mkataba wa maandishi hakuna kesi. Sheria inasema vingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi, na shauri likifika mbele ya mwamuzi bila maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa humwangukia mwajiri. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka huohuo inakwenda mbali zaidi: mtu aliyemfanyia mwenzake kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi, kwa miezi mitatu iliyopita, huchukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Saa 45 kwa mwezi ni kidogo sana. Dada wa kazi huzimaliza ndani ya wiki. Kwa hiyo neno "kibarua", ambalo mwajiri hulitamka kana kwamba linafuta kila kitu, halina nguvu hiyo. Shida ni kwamba dhana hii humsaidia anayeweza kuonyesha kuwa alikuwepo kazini, na ushahidi wa kuwepo kwake hupotea upesi: ujumbe wa malipo hufutwa simu ikijaa, sare hurudishwa, daftari la mahudhurio hubaki kwa bosi. Msaidizi anayemwona mtu wiki ya kwanza humwambia asifute ujumbe wowote, achukue taarifa ya miamala kwa kampuni ya simu, aandike majina ya walinzi wenzake wa zamu. Ujumbe wa simu unakubalika kama ushahidi tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ila lazima uwepo.

Kisha kuna fomu. Mgogoro hufunguliwa kwa fomu namba moja ya CMA, ambayo kwa macho ni karatasi ya kawaida ya kuweka alama za vema kwenye visanduku: aina ya mgogoro, tarehe ulipotokea, unachoomba, na sehemu ya pili inayohusu walioachishwa kazi tu. Mtu mwenye hasira huweka vema kila mahali. Hapo ndipo mashauri mengi hufia, kwa kuwa Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, imesisitiza tena na tena kwamba mlalamikaji anabanwa na alichokijaza. Aliyekuwa na mkataba wa mwaka mmoja ukavunjwa mwezi wa tano, akajaza fomu kana kwamba alikuwa na ajira isiyo na kikomo, amejichimbia shimo. Aliyeandika jina la meneja badala ya jina la kampuni anaweza kushinda tuzo asiyoweza kuikazia. Na nakala ya fomu lazima imfikie mwajiri, uthibitisho wake uonekane, kabla Tume haijaendelea. Kazi yote hii ni ya saa moja mezani na mtu anayeijua fomu. Tume haitozi ada, lakini maofisa wake ni wasuluhishi na waamuzi. Hawawezi kuushauri upande mmoja udai nini.

Kuna watakaouliza vyama vya wafanyakazi vina kazi gani. Ni swali la haki. TPAWU ipo kwa ajili ya wa mashambani, na CHODAWU inawahusu wa hotelini na wa majumbani, na sheria inaruhusu kiongozi wa chama kumwakilisha mwanachama mbele ya Tume. Ila chama hupata nguvu penye watu wengi chini ya paa moja. Dada wa kazi yuko peke yake jikoni kwa watu, na mlinzi wa hosteli ana mwenzake mmoja ambaye hukutana naye wakibadilishana zamu. Sheria imeacha nafasi kwa hao pia, maana mbali na chama na wakili, mhusika anaweza kuwakilishwa na mtu yeyote aliyemchagua mwenyewe.

Pingamizi zito zaidi hutoka kwa waajiri wadogo: kwamba msaada wa bure unamfundisha kila aliyefukuzwa kwa wizi kukimbilia mashtaka, wakati mama lishe hana uwezo wa kulipa wakili. Nalichukulia kwa uzito, kwa sababu mama lishe naye ni maskini. Lakini angalia msaidizi mzuri anavyofanya kazi. Sheria haimruhusu aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa mwajiri yuleyule kulalamikia uachishwaji usio wa haki. Msichana aliyeosha vyombo miezi mitatu akienda mwenyewe Tume atadai fidia kubwa asiyoweza kuipata. Akipita kwa msaidizi ataambiwa adai mshahara wa siku alizofanya na notisi yake, basi. Mara nyingi deni kama hilo hulipwa kwa simu moja ya heshima. Anayezuia mashauri ya hovyo ni mshauri wa mapema, na mwajiri ndiye wa pili kunufaika.

Wapo wanasheria wanaohofia kwamba wasaidizi hawa si mawakili na watapotosha watu. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ilijibu sehemu ya hofu hiyo: inawatambua, inawataka wapate mafunzo na kusajiliwa, na inawazuia kumtoza pesa wanayemsaidia. Linalonisumbua mimi ni jingine. Mafunzo na ufadhili vimeelekezwa zaidi kwenye ardhi, ndoa na mirathi, mambo yanayoweza kungoja hema la kampeni lije. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyoanza mwaka 2023, imewafikia watu ambao hawajawahi kumwona mwanasheria, na hilo ni jema. Ila hema hukaa siku chache likahama. Mjane mwenye mgogoro wa shamba anaweza kulisubiri; mlinzi aliyefukuzwa wiki mbili baada ya hema kuondoka hawezi. Hata Morogoro Paralegal Centre, pamoja na kuwa mjini hapahapa, haiwezi kuwa kila mtaa.

Kwa Mazimbu ningeanzia ofisi ya kata: meza moja, nusu siku kila wiki, msaidizi aliyefundishwa fomu namba moja na hesabu ya notisi, likizo na kiinua mgongo, na namba ya wakili mmoja wa kumpigia panapokuwa na mkataba wa muda maalumu au ajali kazini. Gharama kubwa hapo ni nauli na muda wa maongezi, na asasi nyingi hushindwa kuviombea fedha kwa sababu wafadhili hupenda kulipia semina.