Rangi za Mbwa wa Kondoo

Katika vilima vya mpakani mwa Uingereza na Uskoti wako mbwa wa kuchunga kondoo waitwao Border Collie. Si wakubwa, walakini ni wepesi na wenye akili nyingi. Mchungaji husimama bondeni akapiga mluzi, na mbwa aliye mbali juu ya kilima husikia, akajua kama atakiwa kwenda kushoto au kulia, kulala chini au kuleta kundi. Mbwa mmoja mwema hufanya kazi ya watu wengi.

Wengi wao ni weusi, wenye weupe shingoni, kifuani na miguuni. Lakini wako pia wa rangi ya kahawia, na wa manjano, na wengine ni wa kijivu chenye mabaka meusi, mfano wa jiwe la marumaru. Hawa wa mwisho tutawaita mbwa wa marumaru. Pengine jicho lao moja huwa la buluu. Watu huwapenda sana kwa uzuri wao.

Je, rangi hizi zatoka wapi? Manyoya ya mbwa yana wino wa namna mbili tu: wino mweusi, na wino wa manjano au mwekundu. Rangi zote nyingine ni wino huo uliogeuzwa au kupunguzwa. Na mahali pasipo wino huwa peupe. Amri za kuutumia wino huo zimo mwilini mwa mbwa tangu mimba yake, nazo huitwa jeni. Kwa kila jambo mtoto hupokea jeni mbili, moja kwa baba na moja kwa mama.

Jeni nyingine ni dhaifu. Jeni ya kahawia haionekani mpaka ziwe mbili pamoja. Kwa hiyo mbwa wawili weusi waweza kuzaa mtoto wa kahawia, na watu wasiojua hushangaa. Kumbe kila mzazi alikuwa na jeni moja ya kahawia, imefichwa na jeni ya weusi.

Jeni ya marumaru si hivyo. Ikiwapo moja tu, huonekana: hufifisha wino mweusi hapa na pale, ukawa kijivu. Na hapo ndipo penye hatari. Tuseme mchungaji apenda sana mbwa wa marumaru. Awaza moyoni, “Nikichukua dume wa marumaru na jike wa marumaru, watoto wote watakuwa wa marumaru.” Hesabu yake si sahihi. Kwa kukadiria, katika watoto wanne, mmoja hana jeni ile kabisa, wawili wana moja moja, na wa nne anazo mbili. Huyu wa nne huzaliwa karibu mweupe mwili mzima, na mara nyingi ni kiziwi, au macho yake ni madogo, au haoni.

Kwa nini rangi iharibu masikio? Kwa sababu chembe za mwili zitengenezazo wino hazikai katika manyoya tu. Zimo pia ndani ya sikio na ndani ya jicho, nazo zina kazi huko. Zikikosekana sikioni, sikio halipokei sauti. Basi mbwa huyo hatausikia mluzi wa bwana wake kilimani. Yeye hana kosa. Kosa ni la aliyewaunganisha wazazi wake.

Dawa yake ni rahisi. Mbwa wa marumaru aunganishwe na mbwa asiye na jeni hiyo: nusu ya watoto watakuwa wa marumaru, na hapana atakayepata jeni mbili. Lakini angalia jambo moja. Mbwa wa manjano hana wino mweusi manyoyani, kwa hiyo aweza kuwa na jeni ya marumaru isionekane. Macho peke yake hayatoshi. Mwaka 2006 wataalamu wa Marekani waliitambua jeni hiyo, na siku hizi hupimwa kabla ya mbwa kuunganishwa. Na tangu mwaka 2013 chama cha Kennel Club cha Uingereza hakiandikishi watoto waliozaliwa na wazazi wawili wa marumaru.

Wahenga walisema, “Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.” Mfugaji mwenye busara hutazama kwanza afya ya mnyama na kazi yake, ndipo atazame rangi.

MASWALI
1. Manyoya ya mbwa yana wino wa namna ngapi?
2. Kwa nini mbwa wawili weusi waweza kuzaa mtoto wa kahawia?
3. Eleza kosa la mchungaji aliyetaka watoto wote wa marumaru.