Wavu Utapatikana Lini? Tuuchore Mstari

Ndugu wanavikundi wa Takaungu, wengi hutuuliza: "Akiba yetu itatosha lini?" Haya, tuchukue daftari la miraba.

Tuseme mwisho wa Februari sanduku lina sh. 4,000, na wavu ni sh. 20,000. Mstari wa chini ni wa miezi: mraba mmoja, mwezi mmoja. Wa kusimama ni wa pesa: mraba mmoja, sh. 1,000. Tia nukta kwenye 4, pale miezi inapoanzia. Wanachama 20 wakitoa sh. 100 kila mmoja, mwezi unaleta sh. 2,000. Basi nenda kulia mraba mmoja, panda miwili, tia nukta. Rudia, kisha unganisha kwa rula. Kupanda huko ndiko mwinuko wa mstari. Utafika 20 baada ya miezi 8, mwisho wa Oktoba, kaskazi ikikaribia.

Wakitoa nusu yao tu, tunapanda mraba mmoja. Mstari unalala: miezi 16, mwisho wa Juni mwaka wa pili, kusi imechacha. Wavu utakaa ndani!

Kwa hiyo kila mwezi tieni nukta ya pesa zilizomo sandukuni. Ikianguka chini ya mstari, zungumzeni mapema, bila kulaumiana.