Bahari Haina Kosa: Mzigo Huchelewa Wapi? (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tuliishia mzigo ukipakiwa melini. Leo tuanze na hesabu ndogo. Kutoka bandari zinazohudumia Guangzhou mpaka Dar es Salaam, kwa kupitia Singapore, ni maili za bahari 5,500 hivi. Meli ya makontena ikienda fundo 15 hukata maili 360 kwa siku, kwa hiyo ingefika kwa siku 16 kama isingetia nanga popote. Lakini mwulize mwenye duka Kariakoo mzigo wa meli huchukua muda gani: atakwambia mwezi, mwezi na nusu, na pengine hata miwili. Sehemu ya tofauti hiyo haina wa kulaumiwa, kwani kontena husubiri lijae, husubiri meli, na mara nyingi huhamishiwa meli nyingine njiani. Hoja yangu ni kwamba kinachomwumiza mnunuzi si urefu wa safari, bali kutojua safari hiyo itakuwa ya siku ngapi, na kutojua huko huzaliwa zaidi nchi kavu kuliko baharini.

Kwamba urefu peke yake si adui, historia ya mwambao huu inatosha kuthibitisha. Majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalikuja na kaskazi na kurudi na kusi, mzunguko ukila karibu mwaka mzima, na bado biashara ilistawi, kwa sababu kila mkopeshaji alijua ni msimu gani atalipwa. Hata meli za kisasa zimepunguza mwendo makusudi tangu mtikisiko wa uchumi wa 2008 ili kuokoa mafuta, na biashara haikufa kwa hilo. Mfanyabiashara anayepata mzigo wake kila mara siku ya 45 huagiza kwa wakati na fedha yake huzunguka. Mwenzake, ambaye wastani wake ni siku 40 lakini mzigo waweza kufika siku ya 25 au ya 70, yuko pabaya zaidi ingawa wastani wake ni mzuri: lazima aagize mapema kupita kiasi, akodi ghala, na kulipia riba ya bidhaa zilizolala. Akiacha kufanya hivyo, mitandio ya Idd itashuka katikati ya Mfungo Mosi, wakati hakuna anayeiulizia.

Sasa, mashaka hayo hutoka wapi? Utafiti wa Benki ya Dunia uliotolewa mwaka 2012, ukiongozwa na Gaël Raballand, ulichunguza bandari kadhaa za Afrika, zikiwamo Mombasa na Dar es Salaam. Uligundua kwamba, ukiiacha Durban, mzigo ulikaa bandarini kwa wastani unaokaribia siku 20, ilhali katika bandari kubwa nyingi za Asia Mashariki na Ulaya ni siku tatu au nne. Kwa nchi zisizo na bahari, zaidi ya nusu ya muda wote kutoka bandarini mpaka mji wa mwisho ilipotelea humo humo bandarini. Cha kushangaza zaidi ni sababu zake. Winchi chache na gati fupi hazikueleza kila kitu; baadhi ya waagizaji waliona nafuu kuuacha mzigo uani kuliko kukodi ghala mjini, na wakubwa miongoni mwao walinufaika na ucheleweshaji kwa kuwa ulimtisha mgeni asiingie sokoni. Ushahidi wa pili uko barabarani. Eneo Moja la Forodha la Afrika Mashariki lilipoanza kazi mwaka 2014, kodi ikawa inalipwa kabla mzigo haujaondoka bandarini, na safari ya Mombasa hadi Kampala, kilomita 1,170 hivi, iliripotiwa kushuka kutoka siku 18 hadi nne. Barabara ilikuwa ile ile, malori yale yale. Kilichobadilika ni utaratibu wa makaratasi.

Mtu atasema: na Bahari ya Shamu je? Ni kweli, mashambulizi yaliyoanza mwishoni mwa 2023 yalizifanya meli nyingi kati ya Asia na Ulaya kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari ikaongezeka siku kumi na zaidi. Lakini mzigo wa China kuja kwetu haupiti huko, ingawa nauli na uhaba wa meli viliutikisa. Na hata kwa wa Ulaya, njia mpya ilipozoeleka, siku zake ziliingizwa kwenye ratiba. Wapo pia watakaosema kwamba ukaguzi lazima uchukue muda, la sivyo dawa bandia zitapita na kodi itapotea. Ukaguzi ni wa lazima, sikatai. Lakini mifumo ya forodha ya Kenya na Tanzania inaruhusu nyaraka kuwasilishwa meli ikiwa bado baharini, na kontena la vigae la mwagizaji mwenye rekodi safi halihitaji kufunguliwa kama la mtu asiyejulikana. Pingamizi ninaloliona zito ni la waagizaji wadogo: wengi huchelewa kutoa mzigo kwa sababu fedha ya ushuru haijapatikana. Hapo wakala wa forodha na afisa wa bandari hawana kosa. Tatizo ni mtaji, na winchi mpya hazitalitatua.

Kwa hiyo tusiridhike mamlaka zinapotangaza wastani wa siku za mzigo bandarini, maana wastani huwaficha wenye bahati mbaya. Zitangaze kila mwezi ni makontena mangapi katika kila mia yalitoka ndani ya siku tano, na mangapi yalivuka 20, na kwa sababu gani. Takwimu hizo zimo katika mifumo yao tayari. Toleo lijalo tutaangalia tozo za kuchelewesha kontena, na nani hasa huzilipa.