Mwandishi wa Kujitegemea na Habari za Owino

Agosti 2023 Rais Yoweri Museveni alitangaza akiwa Mbale kwamba anapiga marufuku mitumba. Siku hiyo kila mhariri wa Kampala alihitaji habari kutoka Owino, soko lililo kando ya uwanja wa Nakivubo ambalo jina lake rasmi ni Mtakatifu Balikuddembe. Kazi kama hiyo mara nyingi humwangukia mwandishi wa kujitegemea, mtu asiye na mshahara anayelipwa kwa kila habari inayochapishwa.

Mhariri akimpigia simu na kumwambia tu "nenda ulete maoni ya wafanyabiashara", atapata watu watatu wanaosema wamesikitika. Kosa hapo ni la mhariri. Maagizo mazuri yanaenea katika ujumbe mmoja wa simu: swali lenyewe, watu wa kutafutwa, idadi ya maneno, saa ya kuwasilisha, malipo. Kwa habari ile swali lingekuwa: nani atapata hasara kwanza? Mtafute mwenye marobota ambayo bado yako njiani kutoka bandari ya Mombasa, mama anayechagua nguo robota linapofunguliwa na kuziuza moja moja, fundi cherehani anayezipunguza, na mbeba mizigo. Kila mmoja ana hesabu yake, na hesabu hizo ndizo habari.

Mhariri pia ampe mwandishi historia, kwa kuwa kumbukumbu za gazeti ziko ofisini. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua. Marekani ikatishia kuwanyima nafasi ya kuuza bidhaa kwake bila ushuru chini ya mpango wake wa AGOA. Uganda ikalegeza msimamo. Rwanda ikashikilia wake, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa katika mpango huo. Asiyeambiwa haya ataliandika tangazo la Mbale kana kwamba jambo hilo halijawahi kutokea.

Lakini jambo linalonikera zaidi ni malipo. Magazeti mengi bado yanapima kwa urefu wa habari iliyochapishwa. Kwa hiyo mwandishi hurefusha, na habari isipotoka, nauli na siku yake vimepotea. Sasa mfikirie asubuhi, ana kazi mbili mbele yake. Ya kwanza ni semina hotelini: hotuba imeshachapwa, chakula kipo, na bahasha ya "nauli" inamsubiri mlangoni. Ya pili ni Owino, ambako hakuna msemaji wala taarifa kwa vyombo vya habari, na muuzaji hatasema la maana mpaka amalize wateja wa asubuhi. Gazeti likilipa sawa kwa zote mbili, limekwisha kuchagua hoteli. Ndiyo maana kurasa zetu zinajaa warsha huku soko linalovalisha nusu ya mji likisubiri liungue moto, kama Februari 2009, ndipo liandikwe.

Dawa yake ninaijua na haihitaji bajeti kubwa. Lipa kwa uzito wa kazi. Nauli itoke kabla ya safari. Habari uliyoiagiza ikikosa nafasi, mwandishi apate sehemu ya malipo, na apate mapema. Kumzungusha miezi ni kumfundisha kupenda bahasha.

Ukishamlipa vizuri, una haki ya kumdai. Akihoji kwa Kiganda, akuletee maneno yenyewe pamoja na tafsiri, na namba za simu za waliohojiwa. Piga mbili kati ya hizo. Mwandishi mzuri hachukizwi na hilo, maana humlinda siku mtu akikana aliyoyasema. Ukibadilisha aya ya kwanza, mwonyeshe kabla ya kuchapa, kwa sababu yeye ndiye atakayerudi sokoni kesho yake kukabiliana na watu wale wale.

Hakimiliki mziongelee mapema. Sheria ya Uganda ya mwaka 2006 humpa haki hizo aliyeagiza kazi, isipokuwa mkataba useme vinginevyo, na waandishi wengi hawalijui hilo.

Kuna na barua. Mwandishi asiye na kitambulisho cha gazeti ndiye wa kwanza kufukuzwa na walinzi au askari pakitokea vurugu. Mwandikie barua yenye jina lake, kazi aliyotumwa na namba yako ya simu, na ikipigwa usiku, ipokee.