Wanasayansi wasuka plastiki ya kupenyeza jeni katika seli

WAZAZI wenye watoto wanaougua selimundu, hasa wale wa Nyanza, Magharibi na Pwani ambako ugonjwa huu umeenea, wamekuwa wakiniuliza swali moja: "Daktari, si tulisikia sasa unatibika kwa jeni?"

Ni kweli. Mwishoni mwa mwaka wa 2023, Uingereza kisha Marekani ziliidhinisha tiba iitwayo Casgevy. Lakini bei iliyotangazwa Marekani ilikuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Isitoshe, seli hutolewa mwilini na kurekebishwa katika maabara, huku mgonjwa akipewa dawa kali za kuua uboho wake kabla ya kurudishiwa seli hizo. Hiyo si kazi ya hospitali ya kaunti.

Ndiyo maana wataalamu wengi wanatafuta njia ya kufikisha jeni ndani ya seli kwa sindano ya kawaida. Njia mojawapo inatumia jamaa za plastiki, yaani polima.

Je, kwa nini jeni isidungwe tu kama penisilini? Kwa sababu haitafika. DNA ni uzi mrefu wenye chaji hasi, na utando wa seli nao una chaji hasi. Viwili hivyo hufukuzana. Kabla hata ya kufika hapo, vimeng'enya vya damu huwa vimeikatakata. Virusi wanajua kupenya, na ndio waliotumiwa kwanza. Hata hivyo, mnamo Septemba 1999, kijana wa Kimarekani mwenye umri wa miaka 18, Jesse Gelsinger, alifariki siku nne baada ya kupewa jeni iliyobebwa na virusi katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Kinga ya mwili wake iliwashambulia virusi hao kwa ukali uliovunja viungo vyake.

Miaka minne kabla ya kifo hicho, mwaka wa 1995, Jean-Paul Behr na wenzake wa Strasbourg, Ufaransa, walikuwa wametangaza kwamba polima inayotumiwa katika viwanda vya karatasi inaweza kubeba jeni. Inaitwa poliethilenimini, au PEI kwa kifupi. Katika mnyororo wake, kila atomu ya tatu ni naitrojeni inayoweza kunyakua chaji chanya. Kwa hivyo huikumbatia DNA na kuikunja ikawa kidonge kidogo mno, nayo seli hukimeza.

Seli ikishameza, hukitia kidonge katika kifuko na kuanza kumimina asidi, kama tumbo linavyofanya kwa chakula. PEI huinyonya asidi hiyo kama sponji. Seli huongeza nyingine, maji hufuata, kifuko hufura na kupasuka, na jeni ikawa huru. Hayo ni maelezo ya Behr. Wapo wanaoyapinga mpaka leo, lakini hakuna anayekana kwamba PEI hufikisha mzigo.

Taabu ni kwamba chaji ile ile inayokumbatia DNA hutoboa tando za seli na kuziua. Ndani ya damu hunasa protini na kufanya mabonge yanayoweza kuziba mishipa midogo ya mapafu. Minyororo mirefu hubeba vizuri lakini ni sumu. Mifupi ina sumu kidogo lakini haibebi kitu cha maana.

Hapo ndipo wanakemia walipoingia. Wengine huivisha PEI koti la poliethilini glaikoli ili iteleze katika damu bila kunasa chochote, ingawa koti likizidi hata seli inayotafutwa haiishiki. Wengine huning'iniza sukari ya galaktosi ili seli za ini ziitambue. Ubunifu unaonipendeza zaidi ni wa kuunga minyororo mifupi kwa viungo vya salfa. Viungo hivyo hushikilia katika damu, lakini vikifika ndani ya seli, kemikali iitwayo glutathioni huvikata, na polima husambaratika vipande visivyo na madhara makubwa.

Mnamo 2004 watafiti wa Illinois, Marekani, walifunika sehemu ya naitrojeni hizo kwa asetili. Kwa hesabu za wengi, kupunguza chaji kungeidhoofisha PEI. Kinyume chake, ilifikisha jeni vizuri zaidi, labda kwa sababu iliiachilia DNA kwa urahisi ndani ya seli.

Majaribio hayo yalifanywa kwa seli za maabara. Kutoka kwenye kisahani hadi kwa panya ni safari ndefu, na kutoka kwa panya hadi kwa mtoto ni ndefu zaidi. Chanjo za Pfizer na Moderna tulizopewa wakati wa Covid zilibebwa na chembe za mafuta, si polima hizi.

Kwa hivyo anayekuuzia "sindano ya jeni" ya selimundu mtaani ni mwongo. Mwulize daktari wako kuhusu haidroksiyurea, ambayo hupunguza vipindi vya maumivu. Mtoto mdogo apewe penisilini ya kinga kila siku na alale ndani ya chandarua. Akipata homa, maumivu ya kifua au akipauka ghafla, mfikishe hospitalini siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.