Kadi za kumbukumbu: Bei ndogo, hasara kubwa

MPIGA PICHA anayekodiwa kwenye harusi hubeba kamera ya mamilioni ya shilingi, lakini kazi yote ya siku hiyo hulala ndani ya kadi yenye ukubwa wa stempu ya barua. Kadi hiyo ikigoma, hakuna wa kuwarudisha maharusi ukumbini. Mteja atadai fedha zake, na jina lililojengwa kwa miaka mingi litachafuka kwa siku moja.

Hata hivyo, wanunuzi wengi huichagua kadi kwa kutazama bei na tarakimu ya ukubwa peke yake. Wiki hii tunaeleza ni kitu gani hasa huharibu kadi, na mnunuzi ajilinde vipi.

Enzi za filamu, mkanda mmoja ulibeba picha 36. Ukiungua, zilipotea 36. Leo kadi ya gigabaiti 64 inaweza kubeba picha 2,500 hivi za megabaiti 25 kila moja. Kwa hiyo gharama ya kila picha imeshuka sana, lakini hasara ya ajali moja imepanda.

Chipu zinazotumika humo ni za aina ya NAND, kazi ya Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba ya Japan, iliyotangazwa mwaka 1987. Kadi za CompactFlash zilitolewa na SanDisk mwaka 1994. Zile za SD, ambazo ndizo nyingi madukani sasa, zilitangazwa mwaka 1999 na SanDisk, Toshiba na Matsushita.

Kadi haina kitu kinachozunguka ndani yake, na habari haihifadhiwi kwa sumaku. Ndiyo maana huvumilia kuanguka. Mwaka 2004 gazeti la Digital Camera Shopper la Uingereza lilizitosa kadi za aina tano kwenye kola na kuzitia katika mashine ya kufulia, na picha zikaendelea kusomeka. Basi kama kadi ni ngumu kiasi hicho, picha hupoteaje?

Sababu ya kwanza ni uchakavu. Kila kijumba ndani ya chipu kina idadi ya mara ambazo kinaweza kuandikwa na kufutwa. Chipu za zamani zilizoweka biti moja kwa kila kijumba zilifikia mara 100,000 hivi. Za sasa hubana biti tatu au nne mahali pamoja ili bei ishuke, na uhai wake ni mfupi zaidi.

Tuseme kadi ya gigabaiti 64 inastahimili kujazwa mara 1,000. Mpiga picha anayeijaza mara mbili kwa wiki ataitumia karibu miaka kumi. Huyo uchakavu si tatizo lake. Lakini kadi hiyo hiyo ikitiwa katika kamera ya ulinzi dukani, inayorekodi usiku na mchana kwa megabaiti 1.5 kwa sekunde, itajazwa mara mbili kwa siku, na uhai wake utaisha katika siku 500. Mwenye duka atagundua siku ya kuibiwa. Kwa kazi hiyo ziko kadi maalumu za kurekodi mfululizo, na ndizo za kununua.

Sababu ya pili, na ndiyo inayowaumiza wengi, ni kadi bandia. Ndani ya kila kadi kuna kidhibiti kinachoiambia kamera ukubwa wake. Waghushi huchukua chipu ndogo, tuseme ya gigabaiti 8, wakakifundisha kidhibiti kusema 64, kisha wakabandika lebo ya kampuni yenye jina. Kamera huamini. Video inayotumia megabaiti 12.5 kwa sekunde itaingia salama kwa dakika 10 na ushei. Baada ya hapo kamera itaendelea kuonyesha kwamba inarekodi, kumbe kinachoandikwa hakina pa kukaa. Bwana harusi ataonekana akiingia, lakini keki haitaonekana ikikatwa.

Sababu ya tatu ni mikono yetu wenyewe. Kadi ina orodha inayoonyesha kila picha iko wapi. Ukiichomoa wakati taa ya kamera bado inawaka, au betri ikikatika katikati ya kuandika, orodha hiyo huvurugika na picha zikaonekana kama hazipo. Mara nyingi zipo. Hata ukifuta kwa makosa, huwa umefuta orodha tu, si picha yenyewe. La muhimu ni kuacha kupiga picha nyingine kwa kadi hiyo papo hapo na kuipeleka kwa fundi mwenye programu ya kurejesha. Picha mpya zikiingia, hukalia nafasi ya zile za zamani, na hapo hakuna fundi atakayezirudisha.

Mnunuzi afanye nini? Kwanza, adai risiti yenye jina la duka na aina ya kadi. Nchini Tanzania bidhaa bandia hushughulikiwa na Tume ya Ushindani, lakini malalamiko yasiyo na risiti hayana miguu.

Pili, aijaribu kadi mpya kabla ya kuipeleka kazini. Programu za H2testw na F3, ambazo hazilipiwi, huijaza kadi yote kisha huisoma upya na kulinganisha. Kwa kasi ya megabaiti 20 kwa sekunde, kuijaza gigabaiti 64 huchukua karibu saa moja, na kuisoma ni muda wa ziada. Ni muda mdogo ukilinganisha na kurudisha malipo ya harusi nzima.

Tatu, mwenye kurekodi video atazame alama ya kasi. V30 ina maana kwamba kadi inaahidi kuandika angalau megabaiti 30 kwa sekunde. Kadi isiyoweza kuifuata kamera huisimamisha katikati ya tukio.

Nne, agawe kazi. Kadi mbili za gigabaiti 32 hupunguza hasara kwa nusu kuliko moja ya 64. Kamera yenye nafasi mbili iwekwe iandike kote kwa pamoja. Kadi isifomatiwe mpaka picha ziwe zimenakiliwa mahali pawili, na ifomatiwe ndani ya kamera yenyewe.

Mwisho, kila kadi ipewe namba na tarehe ya kununuliwa. Inayoleta hitilafu mara moja itolewe kazini, isipewe nafasi ya pili. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kadi nayo ni mali.